Kujitolea katika Nyumba Salama za Wanawake na Watoto Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaotoka Nje ya Nchi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi nje ya Tanzania: Watanzania waliohamia Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, watoto wao waliozaliwa huko, na majirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ambao huuliza namna ya kujitolea katika nyumba zinazowahifadhi wanawake na watoto waliokimbia ukatili. Mifano mingi imetoka mkoa wa Mara, ambako nyumba hizo zimekuwa kimbilio la mabinti wanaotoroka ukeketaji na ndoa za utotoni.

Nyumba salama ni nini, na inatofautianaje na makao ya watoto?

Nyumba salama ni mahali pa hifadhi ya muda. Anayepokelewa amekimbia hatari inayojulikana: mume anayempiga, mwajiri anayemnyanyasa, baba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, au ukoo uliopanga siku ya kumkeketa. Mara nyingi huletwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto au na afisa ustawi wa jamii, na jambo linalofikiriwa tangu siku ya kwanza ni namna ya kumrudisha kwenye maisha ya kawaida, kwa wazazi wake ikiwa ni salama, kwa ndugu wengine ikiwa si salama, au kwenye shule ya bweni au kazi itakayomwezesha kujitegemea. Makao ya watoto huwalea watoto waliokosa malezi ya familia kwa muda mrefu zaidi, nayo huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.

Tofauti hiyo ina uzito kwa anayetaka kujitolea, kwa sababu katika nyumba salama karibu kila mkaaji ana mtu anayemtafuta. Mara nyingine anayemtafuta ni mzazi wake mwenyewe, na pengine kesi yake bado iko mahakamani.

Nina likizo ya wiki tatu. Je, naweza kuja kukaa na watoto?

Jibu letu ni hapana, na tungependa sababu zieleweke vizuri. Binti wa miaka 12 aliyetembea usiku kucha kutoka kijijini kwao amekwisha kutengana na mama, wadogo zake, shule na rafiki zake wote kwa mkupuo mmoja. Akizoeana na dada mpya anayemsuka nywele na kumfundisha nyimbo, kisha dada huyo akaondoka baada ya siku 20, amepata msiba mwingine juu ya ule wa kwanza. Na mwezi unaofuata akija mgeni mwingine mwenye furaha ileile, mtoto hujifunza kushikamana na kila mtu haraka, au kutomwamini mtu yeyote. Tabia zote mbili humweka katika hatari atakapotoka. Walezi wenyeji ndio wanaobaki naye usiku anapoota ndoto mbaya, na mapenzi yake yanapaswa kwenda kwao.

Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilionya juu ya madhara ya watu kujitolea katika vituo vya watoto yatima, na mwaka mmoja kabla ya hapo Australia ilikuwa imetunga sheria dhidi ya utumwa wa kisasa baada ya uchunguzi wa bunge uliozungumzia, pamoja na mengine, biashara ya kuwajaza watoto katika vituo ili kuwavutia wageni na misaada. Watoto wengi katika vituo vya aina hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mgeni mwenye nia njema anaweza kuwa sehemu ya biashara hiyo bila kujua.

Basi mtu anayetoka nje anaweza kufanya kazi gani yenye manufaa?

Zipo nyingi, na karibu zote zinamfanya asimame nyuma ya wale wanaobaki. Mhasibu anaweza kuwafundisha watumishi namna ya kutunza vitabu vya fedha na kuandaa taarifa ambazo wafadhili huzidai kila robo mwaka, kazi inayomla msimamizi wa nyumba muda ambao angeutumia kwa mabinti. Mtaalamu wa kompyuta anaweza kuunda mfumo wa kumbukumbu wenye nywila na nakala salama, mahali ambapo majalada ya karatasi yamekuwa yakiwekwa katika kabati lisilo na kufuli. Muuguzi au mwanasaikolojia mwenye leseni anaweza kuwafunza walezi na kukaa nao wanapojadili mashauri magumu. Fundi cherehani mzoefu anaweza kumwendeleza mwalimu wa ushonaji wa pale, ili ujuzi ubaki baada ya yeye kuondoka. Wapo pia wanaojitolea bila kusafiri kabisa, kwa kuandika maombi ya ruzuku, kukagua hesabu au kutafsiri taarifa, na mchango wao mara nyingi huzidi ule wa aliyepanda ndege.

Elimu ina nafasi ya pekee. Mabinti wengi wanaofika wameacha shule, wengine kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurejea katika shule za umma, na aliyechelewa sana anaweza kujiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule unaojulikana kama QT, ili baadaye afanye mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu wa Hisabati au Kiingereza anayeweza kukaa muhula mzima, akafundisha darasani mbele ya mlezi na kwa ratiba iliyopangwa na nyumba, ni mtu anayehitajika kweli.

Ni muda gani unaokubalika?

Kwa kazi za ofisini na mafunzo ya watumishi, miezi mitatu ni muda wa kuridhisha. Kwa kazi yoyote inayomkutanisha mtu na wakaaji mara kwa mara, tunashauri miezi sita au zaidi.

Je, viza ya kitalii inatosha?

Haitoshi. Viza ya kitalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kama kazi yenyewe haina mshahara. Anayejitolea kwa muda mrefu huombewa na shirika linalompokea kibali cha ukaazi daraja C, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa watu wa makundi kama vile wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Na kwa kazi za muda mfupi shirika linapaswa kuuliza uhamiaji ni kibali gani kinachofaa kabla ya mtu hajakata tiketi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaoingia bila viza wasidhani kwamba ruhusa ya kuingia ni ruhusa ya kufanya kazi.

Watanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine nao hushangaa wanapoambiwa kwamba wanahitaji kibali, kwa kuwa wanahisi wanarudi nyumbani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo mbele ya uhamiaji mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani ni mgeni, hata kama alizaliwa Musoma. Tafadhali msiiombe nyumba iwaingize kwa njia ya mkato. Nyumba inayokutwa na mgeni asiye na kibali huhatarisha usajili wake, na wanaopoteza hifadhi ni mabinti.

Kwa nini natakiwa kuleta cheti cha tabia njema wakati ninakuja kusaidia?

Kwa sababu mtu mwenye nia mbaya huja kwa maneno yaleyale ya kusaidia. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kijana wa nchi hiyo aliyewadhulumu watoto kingono alipokuwa akijitolea katika makao ya watoto jijini Nairobi. Alikuwa amekwisha kwenda pale zaidi ya mara moja na alikuwa anaaminika.

Tarajia kuombwa cheti cha polisi kutoka kila nchi uliyoishi katika miaka ya karibuni, barua za watu wawili au watatu wanaokufahamu kikazi, mahojiano, na sahihi yako kwenye kanuni za kuwalinda watoto. Nyumba ikikupokea bila kukuuliza lolote kati ya haya, jiulize ni nani mwingine imempokea kwa urahisi huohuo.

Nitajuaje kwamba nyumba ninayoiandikia ni ya kweli?

Ulizia usajili wake kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, na kama inahifadhi watoto, uliza pia idhini yake kutoka ustawi wa jamii. Kisha mpigie au mwandikie afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika, umuulize kama anaifahamu na kama ndiye anayepeleka mashauri pale. Nyumba halali hushirikiana na halmashauri, Dawati la Jinsia na hospitali ya wilaya kila wiki, kwa hiyo ofisi hizo zitaijua. Katika mkoa wa Mara shirika la Hope for Girls and Women Tanzania limekuwa likiendesha nyumba za namna hii katika wilaya za Butiama na Serengeti, na huko Tarime kuna kituo cha Masanga. Jijini Mwanza shirika la WoteSawa limejikita kwa wafanyakazi wa majumbani waliodhulumiwa, wengi wao wakiwa watoto. Kila shirika lina utaratibu wake wa kupokea wageni, nasi hatuwasemei.

Nyumba inayotangaza ramani ya mahali ilipo, inayochapisha sura za watoto pamoja na visa vyao, au inayowaruhusu watalii kupita kupiga picha wakiwa njiani kwenda Serengeti, ikimbie.

Je, nitalipa?

Utajilipia nauli, kibali, bima, chakula na mahali pa kulala, na karibu kila mara utalala nje ya nyumba. Ni haki nyumba isibebe gharama zako. Lakini kampuni ya kati ikikudai fedha nyingi kwa kukutafutia nafasi, omba ikuonyeshe kwa maandishi kiasi kinachofika kwenye nyumba yenyewe.

Mimi ni mwanamume. Nitakubaliwa?

Ndani ya nyumba, kwa kawaida hapana, na usilichukulie kuwa ni tusi. Wengi wa waliomo waliumizwa na wanaume waliowaamini, na sauti nzito koridoni usiku inatosha kumrudisha mtu kwenye siku aliyoikimbia. Nje ya nyumba unahitajika mno: ufundi wa umeme na maji, uhasibu, uwakili, mifumo ya kompyuta, na hasa mazungumzo na wanaume vijijini. Mzee wa mila wa Kikurya huenda asimsikilize binti wa miaka 25 anapozungumzia ukeketaji, ilhali atamsikiliza baba mwenye mabinti ambao hawakukeketwa na wameolewa kwa heshima.

Nilizaliwa ughaibuni na Kiswahili changu ni cha nyumbani. Kinatosha?

Kinatosha kuanzia, ukiwa tayari kusahihishwa. Fahamu kwamba baadhi ya mabinti wa Mara hufika wakijua Kikurya au Kingoreme zaidi ya Kiswahili, na walezi ndio watakaokutafsiria. Muhimu zaidi ni adabu: kumwamkia shikamoo mama mpishi na mlinzi wa getini sawasawa na unavyomwamkia mkurugenzi, kuvaa nguo ndefu na kujifunga kanga panapohitajika, na kukubali kuitwa dada, mama au mwalimu kama wenyeji watakavyoona inafaa.

Binti akianza kunisimulia yaliyompata, nifanyeje?

Usiulize wewe kwanza. Akianza mwenyewe, msikilize bila kumkatiza, bila kushtuka mbele yake na bila kumwambia angefanya nini. Usimwahidi kwamba utaficha, kwa kuwa ahadi hiyo hutaweza kuitimiza. Mwambie kwa upole kwamba kuna mtu mmoja au wawili katika nyumba ambao ni lazima wajue ili asaidiwe. Mara mkiachana, andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia, pamoja na tarehe na saa, na umkabidhi msimamizi au afisa ustawi siku hiyohiyo.

Usirudie kumhoji ili upate habari kamili. Shauri lake likifika mahakamani, wakili wa mshtakiwa anaweza kudai kwamba mtoto alifundishwa la kusema, na maswali yako ya huruma yakawa ndiyo yaliyomwachilia mtuhumiwa. Kama anachosimulia ni ubakaji uliotokea karibuni, usingoje hata saa moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Hospitali na Dawati la Jinsia wanajua utaratibu wa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Mahali penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi hupatikana chini ya paa moja, na manusura haelezi mkasa wake mara tano kwa watu watano.

Naweza kupiga picha zisizoonyesha sura?

Hapana. Sare ya shule, mlima ulio nyuma ya uzio au rangi ya geti humtosha baba anayetafuta. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na baadhi ya programu humtangaza mwenye simu alipo bila yeye kutaka. Zima huduma hiyo kabla hujafika, na usitaje jina la kijiji hata kwa ndugu zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakubana, kwani taarifa za watoto na za afya zinalindwa kwa uzito wa pekee.

Kwa nini Desemba huelezwa kuwa mwezi mgumu?

Ukeketaji kwa Wakurya hufanyika kwa misimu inayopangwa na wazee wa koo, na kwa kawaida huangukia likizo ya mwisho wa mwaka, ili mabinti wapate muda wa kupona kabla ya shule kufunguliwa. Msimu ukitangazwa, nyumba zilizojengwa kwa ajili ya mabinti wachache hupokea mamia. Magodoro hutandikwa madarasani, na polisi hufika usiku wakileta mabinti wengine. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15 au faini, lakini mzazi akikamatwa, binti huyohuyo hulaumiwa kwa kuivunja familia.

Kazi nzito zaidi huja Januari. Maofisa ustawi na watumishi wa nyumba huenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, na wanaokubali huandika ahadi mbele ya mashahidi kwamba binti hatakeketwa wala kuozwa. Wapo wanaomfungulia mlango binti yao kwa machozi, na wapo wanaosema hawana mtoto wa jina hilo. Mgeni asiye na uzoefu asije kwa mara ya kwanza katika kipindi hiki, kwa kuwa hakuna atakayepata nafasi ya kumwelekeza. Akitaka kusaidia Desemba, achangie chakula, mafuta ya gari na taulo za kike, na atume fedha mapema, Oktoba, wakati bei hazijapanda.

Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, Tarime upande wa Tanzania na Kuria upande wa Kenya, na familia nyingine huwavusha mabinti kukwepa sheria ya upande mmoja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inapiga marufuku kumvusha mtu mpaka kwa lengo hilo na inawalinda wanawake wa umri wote, jambo ambalo sheria ya Tanzania bado haijalifikia. Wanasheria wa pande zote mbili wanaotaka kujitolea wana kazi kubwa hapa.

Je, na mabinti wanaokimbia ndoa?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Hukumu haimfikii binti wa kijijini yenyewe. Hufikishwa na mtu anayeijua, anayekaa na familia na kuwaeleza pia kwamba ng'ombe waliopokelewa wanaweza kurudishwa.

Nimempenda mtoto mmoja sana. Naweza kumchukua tukaishi naye nje?

Watoto walio katika nyumba salama wana familia zinazotafutiwa suluhu, na haifai hata kumdokezea mtoto wazo hilo. Kuasili mtoto ni jambo la Mahakama Kuu. Chini ya Sheria ya Mtoto, mgeni anayeomba kuasili anatakiwa awe amekaa Tanzania kwa miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto huyo kwa kipindi cha uangalizi wa ustawi wa jamii kisichopungua miezi mitatu.

Nilete zawadi gani?

Uliza kwanza, kisha mkabidhi msimamizi, usimpe mtoto mmoja mmoja. Masanduku ya nguo kutoka ng'ambo hugharimu forodha kuliko thamani yake. Vitambaa, madaftari na sabuni vinunuliwe soko la karibu.

Nijiandaeje kiafya?

Mara ni eneo la malaria, na Ziwa Viktoria lina kichocho, kwa hiyo usiogelee ufukweni. Daktari wako akupangie dawa na chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B. Moyo nao uuandae. Usingizi utakuchezea, na utajikuta na hasira usiyoijua chanzo chake. Tafuta kabla ya safari mtu mwenye taaluma utakayezungumza naye kila wiki bila kutaja majina. Mtu aliyepitia ukatili mwenyewe anakaribishwa, ila tunamsihi ajipe muda wa kupona kwanza, kwa sababu nyumba hizi haziwezi kumtibu na kumtumia wakati uleule.

Nikiona mlezi anampiga mtoto, au jambo baya zaidi?

Mwambie msimamizi. Kama msimamizi ndiye mhusika au analifunika, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto inayotumika Tanzania na Kenya. Usianzie mitandaoni: ukitaja nyumba hadharani, umewataja pia waliojificha ndani yake.

Nataka kwenda Kenya badala ya Tanzania. Mambo ni yaleyale?

Misingi ni ileile, ila sera zinatofautiana. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa hiyo nafasi za kujitolea ndani ya vituo zinapungua, na tunaona ni heri. Kwa wanawake na mabinti waliodhulumiwa kuna namba 1195. Kibali cha kazi za hisani huombwa na shirika lililosajiliwa huko.

Nikishaondoka, naweza kuendelea kuwasiliana na mabinti?

Kupitia nyumba tu. Usitoe namba yako ya simu wala kurasa zako, na usiwatafute baadaye mitandaoni. Barua zikiruhusiwa, ziandikwe kwa wote na zipitie kwa msimamizi. Siku ya kuaga ipangwe wiki mbili kabla pamoja na walezi, mabinti waelezwe tarehe na sababu, na nafasi yako darasani ichukuliwe na mwalimu wa pale ungali upo, ili Jumatatu inayofuata somo liendelee.